MTOTO AKINASWA NA UNGA, MAMA AFANYE NINI?

Mazungumzo ya kamati ya mfuko wa jamii katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Makoko, Musoma



Miaka kumi si haba. Mwenyekiti amekwisha kueleza jinsi kikundi kilivyoanza tukiwa wachache, tukinunua hisa kwa hela ya dagaa, na mweka hazina amesoma hesabu za mikopo na za mgawo. Hatutayarudia hayo. Sisi wa kamati ya mfuko wa jamii tumeombwa tuseme juu ya ile hela ndogo ambayo kila mmoja wetu huitoa kila mkutano bila kutegemea faida, ili mwenzetu akipatwa na jambo asikimbilie mikopo ya kausha damu.

Ukifungua daftari la mfuko huo utakuta maneno matatu yanajirudia ukurasa hadi ukurasa: msiba, uzazi, ugonjwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza maswali. Malaria ni ugonjwa, upasuaji ni ugonjwa, mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto ni mgonjwa. Kisha siku moja likaletwa ombi lililotugawa katikati. Mwenye ombi ameturuhusu tulieleze leo, mradi tusimtaje jina yeye wala mwanawe. Tunalieleza kwa sababu tunajua kwamba katika nyumba nyingi, hapa Makoko na kule Mwisenge na Bweri, liko jambo kama hili limefunikwa na kawa. Na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Ombi lililotugawa

Mwenzetu huyu ni mwanahisa wa tangu mwanzo. Mwanawe wa pili alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akapata kazi ya ukonda wa daladala. Miaka ya kwanza alituma hela nyumbani. Baadaye hela zikakoma, halafu na simu ikakoma. Aliporudi alikuwa amekonda, anajikuna, anasinzia huku amesimama. Hazikupita siku nyingi vyombo vikaanza kutembea: leo sufuria, kesho redio, keshokutwa nyavu za kuanikia dagaa. Mama akaanza kukosa mikutano. Akija ananunua hisa moja tu, na wala haukuwa wakati wa mbalamwezi ambapo sote tunajua ziwa halitoi dagaa.

Siku alipoleta ombi lake alisimama akasema waziwazi: "Wenzangu, mwanangu anatumia unga. Nimeambiwa iko tiba Mwanza. Sina nauli, na sina cha kumweka huko. Naomba mfuko unisaidie kwa sababu ni ugonjwa."

Jamani, hapo moto ukawaka. Mmoja akasema, "Ugonjwa gani wa kujitakia? Wangu akiugua malaria, hakumfuata mbu." Mwingine akasema hela yetu itaishia kwenye kete. Mama mmoja mtu mzima akakumbusha kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na yule mwenzetu akainamisha kichwa. Lakini wako pia waliouliza: mwanachama wetu tuliyemlipia dawa za shinikizo la damu, mbona hatukumhoji alikula chumvi kiasi gani? Na huyu aliyelea watoto watano, wanne wakawa wazima, alimlea huyu mmoja kwa mikono mingine?

Tulibishana mikutano miwili. Mkutano wa tatu tukamwalika muuguzi mstaafu atueleze jambo lenyewe lilivyo. Baada ya hapo tukapiga kura, na ombi likapita kwa masharti. Masharti tutayasema. Kwanza tuseme tuliyojifunza, maana bila hayo masharti hayaeleweki.

Unga huu umetoka wapi

Unga tunaousema ni heroini. Hutengenezwa kutokana na utomvu wa mmea wa afyuni, ambao kwa miaka mingi ulilimwa zaidi Afghanistan. Wafanyabiashara waliupitisha Pakistan na Iran, wakaupakia majahazini hadi pwani ya Afrika Mashariki. Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilianza kuuona miaka ya 1980. Mwanzoni watu waliuvuta kwa moshi. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia miaka ya 2000, wengi wakaanza kujidunga, na kwa kupokezana sindano wakaambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Serikali ilitunga sheria ya dawa za kulevya mwaka 1995, ikatunga nyingine mwaka 2015, na mwaka 2017 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikaanza kazi.

Mtu atasema hayo ni mambo ya pwani, sisi ni watu wa ziwa. Lakini basi halichagui abiria. Vijana wetu wanakwenda Dar na Mwanza kutafuta, na wakishindwa hurudi kwa mama zao. Ugonjwa walioupata huko wanarudi nao.

Kwa nini tunauita ugonjwa

Muuguzi alitueleza hivi. Heroini inashika zile sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu, raha na pumzi. Mwili ukiizoea unadai zaidi ili upate kile kile. Ikikosekana inakuja hali ambayo vijana wanaiita arosto: jasho na baridi kwa pamoja, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usiku kucha bila usingizi. Kwa hiyo kijana anayehangaika asubuhi kutafuta kete, mara nyingi raha alikwisha kuisahau. Anatafuta aweze kusimama.

Hilo halifuti kosa la kuiba sufuria. Sufuria ni ya mama na imeibwa. Lakini linatueleza kwa nini fimbo haisaidii. Tunawajua waliopigwa, waliofungwa kamba, waliofungiwa ndani wiki nzima, na walipofunguliwa wakaenda moja kwa moja kwenye kete. Arosto inapita baada ya siku kadhaa, lakini ubongo uliozoea miaka haurudi katika hali yake kwa siku kadhaa. Hamu inabaki miezi na miaka, nayo inaamshwa na jambo dogo: rafiki wa zamani, hela mfukoni, ugomvi nyumbani.

Kuhusu maombi, sisi ni watu wa dini na tunaendelea kuomba. Mwenye kisukari tunamwombea, na dawa anatumia.

Tiba ya methadoni

Tiba tuliyoelekezwa inaitwa methadoni. Ni dawa ya ukoo mmoja na heroini, ila inanywewa mdomoni, inafanya kazi polepole na inadumu kwa siku nzima. Mgonjwa akipewa kipimo sahihi hapati arosto wala halewi. Anaweza kula, kulala, kufanya kazi na kuzungumza na watu. Wa kwanza kuonyesha jambo hili ni Dakta Vincent Dole na Dakta Marie Nyswander wa New York, waliotoa matokeo yao mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Hapa Tanzania kliniki ya kwanza ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari mwaka 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, Zanzibar ikaanza mwaka 2015, na baadaye huduma ikasogea mikoani, ikiwemo Mwanza katika Hospitali ya Sekou Toure. Majirani zetu wa Kenya walianza mwishoni mwa mwaka 2014. Katika kliniki hizi za serikali mgonjwa halipii dawa.

Lakini iko gharama isiyoandikwa dirishani. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Jumapili anakunywa, Krismasi anakunywa, Idi anakunywa. Toka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 200. Hakuna mtu anayeweza kwenda na kurudi kila siku kwa basi. Kumbe kwa mama wa Makoko kazi kubwa ni kupata mahali pa kulala karibu na kliniki, na chakula cha miezi mingi.

Hapo ndipo mfuko wetu uliposhika nafasi. Mama mdogo wa kijana huyo anakaa Mwanza. Alikubali kumpokea, lakini naye ana watoto wake. Basi tukapanga masharti haya:

1. Hela ya mfuko haipiti mkononi mwa mgonjwa hata senti moja. Nauli inalipwa kwa mkata tiketi, chakula kinanunuliwa na kupelekwa kwa mama mdogo.

2. Mfuko unatoa nauli, unga wa mahindi, maharage, na dagaa wetu wenyewe. Huo ndio unga pekee tuliokubali kuununua.

3. Mama mwenye mgonjwa aendelee kuja mkutanoni, awe na hisa au asiwe nayo. Asijifungie nyumbani kwa aibu.

4. Yanayosemwa mkutanoni juu ya mgonjwa yabaki mkutanoni. Atakayeyapeleka kisimani atatozwa faini kama mchelewaji, mara tatu.

5. Mgonjwa akianguka akarudia unga, msaada hausimamishwi kabla hatujasikia kliniki wanasema nini.

Sharti la tano lilipingwa kuliko yote, na ndilo lililokuja kutumika. Baada ya miezi minne kijana alianguka. Siku tatu hakuonekana kliniki. Mama mdogo alimtafuta, akampata, akamrudisha. Wahudumu hawakumfukuza. Walimpima upya na kumwanzishia kipimo kidogo kwanza, kwa sababu mtu aliyekatisha methadoni siku kadhaa hawezi kupewa kile kile cha zamani bila hatari. Walituambia kuanguka ni sehemu ya ugonjwa huu kama sukari inavyopanda kwa mwenye kisukari. Ni dalili kwamba tiba inahitaji kuongezewa nguvu.

Leo hajawa malaika. Bado anakunywa dawa. Anapakia magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, anajilipia chakula chake, na Pasaka iliyopita alimtumia mama yake sufuria mpya. Mama hakujua acheke au alie. Sisi tulicheka.

Yule tuliyemzika

Wenzetu, tusingetenda haki tukisimulia habari ya huyo peke yake. Mwaka uliofuata kijana mwingine, mtoto wa ndugu wa mwanakikundi, alikamatwa kwa wizi akakaa mahabusu miezi kadhaa. Huko hakupata unga. Alitoka amenenepa, macho meupe, anasalimia watu. Familia ikafurahi, wakachinja kuku. Wiki haikuisha akasafiri kwenda Mwanza kutafuta kazi, akakutana na rafiki zake, akatumia kiasi kile kile alichokuwa akitumia kabla ya kukamatwa. Akakutwa chumbani amekwisha kufa.

Wengi tulisema msibani, "Lakini si alikuwa ameacha?" Na hapo ndipo penye jambo ambalo tunaomba kila mama aliye hapa aondoke nalo. Mtu aliyeacha unga kwa muda, awe katika mahabusu, hospitali, kijijini au kwenye nyumba ya kupata nafuu, mwili wake umepoteza mazoea. Kipimo alichokimudu zamani sasa kinamwua. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa hesabu za watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington. Katika majuma mawili ya kwanza uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 kuliko wa wananchi wengine wa jimbo hilo. Kwa hiyo siku anayotoka, tunaposhangilia, ndiyo siku ya kumshika karibu. Apelekwe kliniki mapema, na aambiwe hatari hii bila kuzungukazunguka.

Kwa Wamarekani jambo hili limekuwa janga la taifa. Mwaka 2021, 2022 na 2023 walikufa zaidi ya watu 100,000 kila mwaka kwa kuzidisha dawa, wengi kwa sababu ya fentanili, dawa ya maabara yenye nguvu kuliko heroini. Taifa tajiri lenye hospitali kila kona! Moja ya mambo waliyofanya ni kuipeleka kwa wananchi dawa inayoitwa naloksoni, ambayo huiondoa heroini mahali iliposhika ubongoni na kurudisha pumzi. Tangu mwaka 2023 huko iko ya kupuliza puani inayouzwa bila cheti cha daktari. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2014 lilishauri kwamba ndugu na rafiki wa watumiaji wafundishwe kuitumia, kwa kuwa wao ndio wanaokuwapo.

Sisi tulijifunza dalili na la kufanya, nasi tunawapeni kama tulivyopewa.

*Dalili:* haamki ukimwita wala ukimtikisa. Anapumua polepole mno, au anakoroma kama mtu anayekabwa, au hapumui. Midomo na kucha zimegeuka kijivu au bluu. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

*La kufanya:* mwite kwa jina, msugue kifuani kwa fundo za vidole. Asipoamka, piga kelele watu waje na usafiri utafutwe mara moja. Kama hapumui au pumzi ni za kubahatisha, mlaze chali, inua kidevu, mzibe pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano, usichoke. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimwagie maji, usimnyweshe maziwa wala chumvi, na usimwache peke yake eti amelala. Ukifika hospitali sema ukweli: katumia unga. Ukisema malaria, watatafuta malaria wakati pumzi inakatika. Akipewa naloksoni na kuzinduka asiondoke haraka, kwa sababu nguvu ya naloksoni huisha mapema na heroini iliyobaki mwilini inaweza kumrudisha chini.

Jambo jingine ni kuchanganya. Heroini na pombe, au heroini na vidonge vya usingizi, ni hatari kuliko heroini peke yake. Hata aliye kwenye methadoni asinywe gongo juu yake. Na ikitokea mgonjwa amepewa dawa ya kwenda nayo nyumbani, ifungiwe kwa kufuli kama sanduku letu. Dozi ya mtu mzima inaweza kumwua mtoto.

Na nyumba zinazolia pombe

Tusijifanye hatuoni. Hapa Makoko nyumba zinazolia kwa pombe ni nyingi kuliko zinazolia kwa unga. Viroba vilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi mwaka 2017, na tulishangilia. Gongo ilikuwa haramu tangu zamani, lakini tunajua inakopikwa, na gongo isiyopikwa vizuri au iliyochanganywa na spiriti za viwandani inaweza kupofusha na kuua. Mwaka 2014 majirani zetu Kenya walizika makumi ya watu kwa mkupuo mmoja kwa pombe ya namna hiyo.

Hapa tunatoa tahadhari moja ambayo watu wengi hawaijui. Arosto ya unga inatesa sana, lakini kwa kawaida haiui mtu mzima mwenye afya. Ya pombe inaweza kuua. Mume au kijana aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kushikwa na degedege na kufa. Kwa hiyo mama usimfungie ndani mnywaji wa namna hiyo ukidhani unamponya. Mpeleke hospitali aache akiwa chini ya uangalizi.

Mama naye atunzwe

Sasa turudi kwenye swali la kichwa cha mazungumzo yetu. Mama afanye nini?

Wenzetu wa nchi nyingine waliwahi kujiuliza. Mwaka 1935 huko Marekani walevi wawili waliokuwa wanasaidiana kuacha walianzisha chama cha walevi waliotubu, ambacho hatua zake kumi na mbili ndizo zinazofuatwa hata katika nyumba nyingi za kupata nafuu kule Zanzibar. Waume walipokuwa mkutanoni, wake zao walikuwa wanangoja nje, wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa mmoja wa waasisi hao, pamoja na mwenzake wakaunda chama cha familia, Al-Anon. Waliona kwamba anayeishi na mlevi naye anaugua: halali, hali, anasema uongo ili kuficha, anawasahau watoto wengine.

Baadaye watafiti wa New Mexico walizifuatilia familia 130 za wanywaji waliokataa kabisa tiba, wakatoa matokeo mwaka 1999. Familia zilizofundishwa kujitunza tu na kujitenga na ulevi, wagonjwa wao 13 katika kila 100 walikubali kuanza tiba. Zilizofundishwa kumkabili kwa pamoja kwa ghafla, 30 katika 100. Zilizofundishwa jinsi ya kuishi naye, yaani kumsifu anapokuwa mzima, kujitenga anapolewa, kutomfichia madhara, na kuwa tayari na mlango wa tiba siku atakapolegea, walikubali 64 katika 100. Sisi tulipoelezwa hesabu hiyo tulielewa kwamba mama hana uwezo wa kumponya mwanawe kwa nguvu, lakini jinsi anavyokaa naye kila siku ina uzito.

Kwa hiyo kila baada ya mkutano wa Alhamisi, akina mama wenye mzigo huu hubaki nusu saa. Hatuna mtaalamu kila wiki. Tunakaa, tunasemezana. Katika kukaa huko tumepatana mambo haya:

1. Tunampa chakula, hatumpi hela. Akiomba nauli tunamsindikiza.

2. Tunasema naye asubuhi akiwa mzima, kwa maneno machache. Hatugombani na mtu aliyelewa, maana unakuwa unagombana na pombe.

3. Akifanya jema dogo tunalisema. Ameoga, amechota maji, amerudi mapema, tunamwambia tumeona.

4. Hatumlipii deni la kete, wala hatumwambii fundi aliyeibiwa kwamba mwanetu hakuwepo.

5. Vitu vya thamani na hisa zetu havikai nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya sanduku lenye kufuli tatu.

6. Akipiga au akitishia, tunaondoka na watoto tunakwenda kwa mwenzetu. Kumpenda mgonjwa si kukubali kuuawa naye.

7. Wadogo zake wanaelezwa ukweli kwa kadiri ya umri wao. Ada zao hazisimami kwa sababu yake.

8. Aliyewahi kujidunga anashauriwa apimwe virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na mwenzi wake pia.

9. Hatumwiti teja. Ana jina alilopewa na babu yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama mmoja akiwa peke yake usiku, mlango unagongwa na mwanawe anatetemeka, atatoa hela ya hisa. Akijua kesho kuna wenzake kumi watakaomwuliza usiku ulikwendaje, anapata nguvu ya kumpa uji na blanketi badala ya hela.

Maombi yetu

Ndugu mgeni rasmi, kwa heshima tunaomba utufikishie haya panapohusika.

Kwanza, tiba ya kila siku isogezwe karibu na mgonjwa wa kila siku. Sisi tulikuwa na mama mdogo Mwanza. Asiye na ndugu huko afanyeje?

Pili, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe dalili za kuzidisha dawa, na naloksoni iwepo pale mtu anapofikishwa kwanza, isingoje safari ndefu.

Tatu, wakati mahabusu au mfungwa aliyekuwa mtumiaji anapotoka, familia iarifiwe na aelekezwe kliniki siku hiyo hiyo.

Nne, viongozi wa mtaa na wa dini mtusaidie kuyasema haya hadharani bila kuwaaibisha wazazi. Mama aliyeaibishwa anaficha, na kinachofichwa hakitibiwi. Anayetaka ushauri anaweza pia kupiga simu ya bure ya Mamlaka, namba 119.

Kwa vikundi vingine vilivyoalikwa leo, tunawaomba mrudi mkaangalie katiba zenu, pale palipoandikwa ugonjwa, mwone kama mama wa namna hii ataruhusiwa kupita. Yetu tuliifanyia marekebisho. Katika kifungu cha mfuko wa jamii, baada ya neno ugonjwa, tuliongeza maneno haya: "ikiwa ni pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, kwa masharti ya kamati." Kura za kupitisha marekebisho hayo zilikuwa nyingi kuliko zile za ombi la kwanza. Yule mama mtu mzima aliyetukumbusha methali ya malezi alinyoosha mkono wa kwanza, na tangu mzunguko uliopita yeye ndiye mshika ufunguo wa pili.

Kwa sasa wako wagonjwa wawili katika daftari letu, mmoja wa unga na mmoja wa gongo. Mzunguko mpya unaanza Alhamisi ijayo saa tisa alasiri. Mwenye mzigo kama huu, hata kama si mwanachama, aje, hatoandikwa mahali popote bila ridhaa yake.